Herufi za Mlazo na Majina ya Ziwani Kwetu

(Hotuba iliyotolewa Kigoma mbele ya wanafunzi wa zamani na wanafunzi wa sasa, katika mkutano wetu wa mwaka.)



Kwanza natoa shukrani kwa Kamati kwa kunialika. Barua ya Katibu iliniomba nizungumze juu ya jambo lolote linalohusu kazi yangu. Waliotangulia kusimama mahali hapa walikuwa mahakimu, matabibu na maofisa wa bandari, nao walikuwa na mambo makubwa ya kusema. Mimi ni mpiga chapa. Tangu nilipotoka shuleni nimepanga herufi za risasi, na baadaye nikasahihisha kurasa kwenye kompyuta. Basi nitazungumza juu ya herufi, wala si herufi zote, ila zile zilizoinama, yaani herufi za mlazo, ambazo wengine huziita italiki. Naomba msisinzie. Jambo hili ni dogo kwa umbo, lakini linagusa mtihani wenu wa Baiolojia, linagusa meli ya *Liemba*, na linamgusa hata mgebuka tuliyemla mchana huu.

Tuanze na jina. Waingereza waliziita herufi hizi kwa jina la nchi zilikotoka, Italia. Sisi Kiswahili chetu kina neno mlazo, nalo kwa maoni yangu ni bora zaidi, kwa sababu linaeleza kile kinachoonekana: herufi imelazwa kidogo upande, kama mtumbwi ulioegemezwa ufukweni. Hata hivyo jina hili laweza kutupoteza njia, na punde mtaona kwa nini.

Zilianzia mjini Venisi. Alikuwako huko mpiga chapa mmoja, Aldus Manutius, na fundi wake wa kuchonga herufi, Francesco Griffo, mtu wa Bologna. Mwaka 1500 walichapa maneno machache tu ya mlazo ndani ya picha moja ya kitabu. Mwaka uliofuata, 1501, wakatoa kitabu kizima cha mashairi ya Virgil, mshairi wa Kilatini, chote kwa mlazo mwanzo hadi mwisho. Kilikuwa kitabu kidogo cha kushikwa mkononi, wakati ambapo vitabu vingi vya wasomi vilikuwa vizito vya kuwekwa mezani. Griffo hakuzitoa herufi zile kichwani mwake. Alifuata mwandiko wa makarani na wasomi wa Italia wa wakati ule, watu walioandika kwa haraka, kalamu ikiinama na herufi zikishikana. Kwa hiyo mlazo ni mwandiko wa mkono ulioingizwa katika chuma. Herufi kubwa walizisimamisha wima, ndogo peke yake ndizo zilizoinama. Herufi kubwa za mlazo zilikuja baadaye. Serikali ya Venisi ilimpa Aldus haki ya peke yake ya kuzitumia, lakini wapiga chapa wa Lyon, Ufaransa, waliziiga bila aibu, hata Aldus akalazimika mwaka 1503 kutoa tangazo la kuwaonya wasomaji, akiorodhesha makosa yaliyomo katika vitabu vya wale waigaji. Biashara ya nakala za wizi, kama mnavyoona, haikuanzia katika maduka ya kaseti ya zama zetu.

Wakati huo mlazo ulijitegemea. Ulikuwa na vitabu vyake. Baadaye katika karne hiyohiyo ya 16 wapiga chapa wakauoza kwa herufi za kusimama: zile za wima zikachukua kazi ya kila siku, na mlazo ukapewa kazi maalumu ndani ya sentensi za mwenzake. Ndivyo ulivyo hadi leo.

Sasa, kwa nini nilisema neno mlazo laweza kutupoteza? Kwa sababu mlazo wa kweli si herufi ya kawaida iliyosukumwa ikaegemea. Ni herufi nyingine kabisa. Chukueni kitabu chochote chenye herufi za serifu, yaani zile zenye vijiguu kwenye ncha zake, mtazame a ya kawaida: ina kichwa kilichojikunja juu ya tumbo. Katika mlazo kichwa hicho hakipo. A ni tumbo na mkia tu, kama mnavyoiandika ninyi daftarini. Tazameni f: ya kawaida husimama juu ya mstari, ya mlazo mara nyingi hushusha mkia chini ya mstari. Vile vijiguu navyo hubadilika, havilali tena bapa, bali huwa viharusi vya kalamu, kimoja cha kuingilia katika herufi na kimoja cha kutokea. Tena herufi zote huwa nyembamba zaidi na hukaribiana. Ndiyo sababu ukurasa mzima wa mlazo huchosha macho, lakini neno moja la mlazo katikati ya ukurasa hujitambulisha bila kupiga kelele. Herufi nene hupiga kelele. Mlazo hunong'ona, na jirani akasikia.

Vijana wenye kompyuta nawapeni kipimo. Kompyuta ikikosa mlazo wa kweli wa aina ya herufi uliyochagua, huzisukuma zile za kawaida upande na kukupa mlazo wa bandia. Usidanganyike na mwinamo. Tazama a. Kama bado ina kichwa juu ya tumbo katika aina ya serifu, umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Lakini haki itendeke: wako waliotetea jambo hilo kwa hoja. Mwingereza Stanley Morison aliandika mwaka 1926 kwamba mlazo bora ungekuwa herufi za kawaida zilizoinamishwa tu. Huyuhuyu ndiye aliyesimamia herufi za Times New Roman, zilizochorwa na Victor Lardent na kuanza kutumika katika gazeti la *The Times* la London tarehe 3 Oktoba 1932, na ambazo barua nyingi za ofisi zetu zimeandikwa kwazo. Na mlazo wa Times haukuifuata nadharia yake. Una a ya mkono, na e ya mviringo. Macho ya wasomaji yalimshinda mwenye nadharia.

Jambo moja silioni likitajwa katika vitabu vya ufundi huu. Mlazo ulichongwa kwa ajili ya Kilatini, na Kilatini hakina w, k hutumika mara chache mno, na siku zile j haikuwa herufi ya peke yake. Sasa jaribuni kuandika Kiswahili bila k, w na j! Wakati wa risasi tulinunua herufi zilizogawiwa kwa kufuata mahitaji ya lugha za Ulaya, kasha zima likiwa na e tele zinazolala bure, huku a na k zikituishia kabla ya kumaliza ukurasa. Kwa mlazo ilikuwa vibaya zaidi, kwa kuwa kiwanda kidogo cha bara kilinunua mlazo kidogo sana. Nimeshuhudia maneno ya mlazo yakipangwa, yakapigwa chapa, yakabomolewa, ili k zilezile zirudi katika ukurasa wa pili. Na f ya mlazo, kwa vile shingo yake iliyoinama ilitokeza nje ya kipande chake cha risasi, ilivunjika kwa kugusana tu na jirani. Fundi mkuu wetu alizihesabu jioni kama mama anayehesabu vijiko baada ya karamu.

Lakini neno likipata herufi zake zote, hupendeza. Mkifika nyumbani liandikeni neno *Ujiji* kwa mlazo mlitazame. I mbili na j mbili zinafuatana, nukta nne juu na mikia miwili chini. Nimepanga majina ya miji mingi katika maisha yangu, sijaona mji mwingine unaoinama vizuri namna ile. (Wenzetu wa Kasulu mnisamehe.)

Na Ujiji wenyewe ulikuwa na maandishi yake kabla herufi hizi hazijafika. Wafanyabiashara wa karne ya 19, kabla ya Burton na Speke kufika mwaka 1858 na kabla ya Stanley kumkuta Livingstone mwaka 1871, waliandikiana barua na hesabu kwa herufi za Kiarabu. Maandishi hayo hayana herufi kubwa, wala hayahitaji mlazo wa aina hii. Mwandishi akitaka neno lionekane ana njia nyingine: kurefusha kiungo kati ya herufi mbili, kuchora mstari juu ya neno, au kuchovya kalamu katika wino mwekundu. Nasi tuliosoma chuoni kwanza ndipo tukaja shule tulikuwa na njia mbili za kulitofautisha neno, hata kama hakuna aliyetuambia kwamba zinafanana.

Wajerumani nao, walioifikisha reli hapa Kigoma mwaka 1914, walichapa mambo yao mengi kwa zile herufi nyeusi za kuvunjikavunjika ambazo hazina mlazo. Walipotaka kukazia neno walitenganisha herufi zake kwa nafasi. Neno la kigeni ndani ya Kijerumani desturi yao ilikuwa kuliandika kwa herufi za kawaida za Kilatini. Kwa hiyo neno la Kiswahili ndani ya kitabu kama hicho lilisimama wima na wazi, kama mgeni mwenye kanzu nyeupe katikati ya majoho meusi.

Nije kwa samaki, maana naona wanafunzi wa sayansi wamekaa mbele.

Sisi tunasema dagaa. Mtu wa Mwanza naye anasema dagaa, na mtu wa Zanzibar anasema dagaa. Ni samaki watatu tofauti, na wafanyabiashara wa sokoni wanalijua hilo kuliko wataalamu. Dagaa wetu hasa ni *Stolothrissa tanganicae*, pamoja na mwenzake aliye mkubwa kidogo, *Limnothrissa miodon*. Dagaa wa Ziwa Viktoria ni *Rastrineobola argentea*, wala si wa ukoo mmoja na wetu. Kwa upande mwingine, huyu *Limnothrissa* alichukuliwa kutoka ziwa letu akapelekwa Ziwa Kivu mwishoni mwa miaka ya 1950, na Ziwa Kariba mwaka 1967 na 1968. Huko Kivu wakamwita sambaza, Kariba wakamwita kapenta. Samaki mmoja, majina matatu. Jina moja, samaki watatu. Anayewatenganisha bila kumwuliza mtu kabila lake ni yule mwenye mlazo.

Kanuni zake mnazijua, lakini walimu wenu wameniambia kwamba alama zinapotea hapo, basi tuzirudie. Jina la kwanza huanza kwa herufi kubwa, la pili kwa herufi ndogo hata kama linatokana na jina la nchi. Hapa ndipo mtoto wa Kigoma anapoteleza. Anaona *tanganicae*, anajua ni Tanganyika, uzalendo unampanda, anaandika T kubwa. Usiandike. Herufi ae mwishoni ni Kilatini, maana yake "ya Tanganyika", na t hubaki ndogo. Majina yote mawili huwa ya mlazo. Jina la mtaalamu aliyempa samaki jina, pamoja na mwaka, hufuata kwa herufi za kusimama: Regan, 1917. Ukilirudia jina unaweza kulifupisha, *S. tanganicae*. Na kama kichwa cha habari chote ni cha mlazo, jina la samaki ndilo litakalosimama wima, maana kazi ya mlazo ni kuonyesha tofauti.

Je, aliye na kalamu ya wino tu afanyeje? Apige mstari chini, kila jina na mstari wake. Huo mstari si urembo. Taipureta zetu hazikuwa na mlazo, kwa hiyo mwandishi alipiga mstari chini ya neno, na mpanga herufi alipouona alielewa: hapa panahitaji mlazo. Ni amri kutoka mezani kwa mwandishi kwenda kwenye kasha la herufi. Gazeti la shule tulilolipiga kwenye stensili mwaka baada ya mwaka limejaa mistari hiyo, amri zilizotolewa bila fundi wa kuzitekeleza.

Kazi nyingine ya mlazo ni majina ya meli na ya magazeti, na sisi tuna sababu kuliko wengine kuizingatia. Livingstone alipofika ncha ya kusini ya ziwa mwaka 1867 aliambiwa kwamba maji yale yanaitwa Liemba. Meli iliyotengenezwa Papenburg mwaka 1913 kwa jina la *Graf von Goetzen*, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa hapa na kushushwa majini tarehe 5 Februari 1915, ilizamishwa na Wajerumani wenyewe mwezi Julai 1916. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikaanza kazi upya kwa jina la *Liemba*. Sasa mtu akiandika kwamba babu yake aliiona Liemba mara ya kwanza akiwa kijana, ameona nini? Akiwa ameandika kwa mlazo, ni meli. Akiwa ameandika kwa kusimama, ni maji. Hali kadhalika magazeti. Zamani yalitufikia kwa treni, habari zikiwa zimepoa, na mtu aliweza kusema kwamba *Uhuru* umechelewa Tabora, au kwamba *Mzalendo* ameibwa stesheni. Ondoa mlazo hapo uone jinsi sentensi inavyokuwa ya hatari.

Ama kuhusu kukazia maneno, nawashauri msiutumie sana. Mwingereza hukazia kwa sauti, na sauti haionekani karatasini, ndiyo maana akahitaji mlazo. Kiswahili kina vifaa vyake ndani ya sarufi. Ukisema "yeye ndiye aliyekuja", umekwisha kazia. Ukiongeza mlazo juu yake ni kuvaa makoti mawili kwenye jua la Oktoba. Hata kanga, ambayo kazi yake yote ni kumfikishia mtu neno, mara nyingi hutumia herufi kubwa zilizosimama, na hakuna aliyewahi kulalamika kwamba hakuelewa.

Nimebakiza jambo ambalo ndilo lililonifanya nikubali mwaliko huu. Ni desturi ya kuyalaza maneno ya kigeni. Katika Kiingereza cha zamani neno safari liliwekewa mlazo, kama mtu aliyesimamishwa mpakani aonyeshe hati zake. Lilipozoeleka likaruhusiwa kusimama. Hiyo ni nyumba yao, waamue wenyewe nani mgeni. Lakini miaka ile nikisahihisha kurasa, kulikuja kwetu kitabu cha kusoma cha watoto, cha Kiswahili, kutoka kwa wachapishaji ambao sitawataja. Ndani yake mlikuwa na hadithi ya mvuvi wa ziwa hili. Maneno mgebuka na kuhe yalikuwa yamelazwa yote, kila yalipotokea, na mwisho wa kitabu yakafafanuliwa pamoja na maneno ya Kifaransa. Kompyuta na televisheni, ambazo zimeingia juzi, zilisimama wima.

Nilimwandikia mhariri pembeni mwa ukurasa. Akajibu kwamba msomaji wa Mtwara hamjui mgebuka. Nikamjibu kwamba msomaji wa Kigoma hamjui kolekole wala chewa, na hao katika kitabu hichohicho wamesimama. Hakujibu tena, na kitabu kilitoka kama kilivyokuwa. Mtoto wa Kibirizi, ambaye baba yake huvua usiku kucha kwa karabai, alisoma katika kitabu cha Serikali yake kwamba samaki wa nyumbani kwao ni mgeni katika lugha ya Taifa.

Sitaki kuambiwa kwamba hayo ni mambo ya umbo tu. Mgebuka ana jina la mlazo, nalo ni *Lates stappersii*, lililowekwa kumkumbuka Mbelgiji Louis Stappers aliyelichunguza ziwa hili kati ya mwaka 1911 na 1913. Kuhe ana lake, *Boulengerochromis microlepis*, naye ni miongoni mwa wakubwa kabisa duniani katika ukoo wa sato na perege. Huko ndiko mlazo uwekwe, kwenye Kilatini. Mgebuka na kuhe ni Kiswahili cha Ziwa Tanganyika, nao wasimame. Msomaji wa mbali asipowajua, mwandishi aandike sentensi moja ya kumweleza. Neno mwami nalo, cheo cha watawala wa Buha, nasema lisimame. Sentensi nzima ya Kiha ni jambo jingine. Hiyo ni lugha nyingine, na mlazo unaistahili kama unavyoistahili sentensi ya Kiingereza. Najua baadhi yenu hamkubaliani nami hapo, na Mwalimu wa Kiswahili namwona anatikisa kichwa.

Kwa hiyo nina ombi kwa wahariri wa gazeti letu, na nimeshamkabidhi Katibu karatasi yenyewe. Nimeorodhesha maneno 46 ya uvuvi, ya mitumbwi na ya upepo wa ziwani niliyoyakuta yamelazwa katika vitabu mbalimbali. Naomba yachapwe humu yakiwa wima, na kila mwanafunzi anayelijua jingine alilete kwa wahariri pamoja na maana yake. Nafasi ikiwa ndogo, ipunguzwe picha ya wageni waalikwa, nikiwamo mimi.

Na mkienda Kibirizi jioni tazameni majina yaliyoandikwa kwenye maboti. Mafundi wa rangi wakipenda herufi za mlazo huzilaza kuelekea kulia, kama desturi. Basi katika ubavu wa kulia wa boti jina huelekea omo, kama linakimbia mbele. Katika ubavu wa kushoto jina lilelile huelekea tezi, kama linavuta nyuma. Nilimwuliza fundi mmoja kwa nini asilaze upande wa pili kinyume. Akanijibu kwamba herufi hazisomeki hivyo, na boti halisomi.

Ndugu Mwenyekiti, nimemaliza. Niko tayari kwa maswali, nikianzia na la Mwalimu wa Kiswahili.